Kutoka Chumvi hadi Dawa: Historia ya Utando katika Usafishaji wa Majitaka

Utando unaotumika leo kuondoa mabaki ya dawa katika majitaka ulibuniwa kwa haja nyingine kabisa, nayo ni kuondoa chumvi katika maji. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utando wa selulosi asetati wenye ngozi nyembamba mno iliyoshikiliwa na tabaka nene lenye vinyweleo, na kwa hiyo osmosisi kinyume, yaani kusukuma maji kwa shinikizo kubwa ili yapenye na kuacha chumvi nyuma, ikaanza kutoa maji ya kutosha kwa matumizi halisi.

Katikati ya miaka ya 1970, wilaya ya Orange huko California iliuhamishia ufundi huo kwenye majitaka. Mtambo wake, Water Factory 21, uliyasafisha maji yaliyokwisha kutumiwa na kuyaingiza ardhini ili yazuie maji ya bahari yasivamie visima, na wahandisi wake walihesabu chumvi na vijidudu, si dawa.

Wakati huohuo, mwaka 1977, watafiti wa Kansas City walitangaza kwamba majitaka yaliyosafishwa mjini humo yalikuwa na asidi ya klofibriki, zao la dawa ya kupunguza mafuta katika damu. Habari hiyo haikutiliwa maanani mpaka miaka ya 1990, asidi hiyohiyo ilipoonekana katika maji ya ardhini ya Berlin, na ikadhihirika kwamba dawa ambazo mwili hauzimalizi hutoka kwa mkojo na kuipita mitambo inayotegemea bakteria kula uchafu.

Hapo ndipo utando ulipopewa kazi mpya. Ule wenye matundu makubwa kiasi huzuia bakteria lakini huziachia dawa zilizoyeyuka, ilhali ule wa osmosisi kinyume huzuia sehemu kubwa ya molekuli za dawa, ingawa baadhi ya molekuli ndogo zisizo na chaji hupenya. Kwa sababu hiyo, mtambo uliofunguliwa Orange mwaka 2008 uliongeza hatua ya mwanga wa urujuanimno pamoja na haidrojeni peroksaidi, unaovunja kile kilichopenya. Hata hivyo, utando hauangamizi dawa bali huzitenga, nazo hubaki katika maji mazito ya masalio, ambayo huko Orange huelekezwa baharini.

Uswisi, iliyoanza mwaka 2016 kutekeleza sheria yake ya kuondoa mabaki kama hayo katika majitaka, ilielekea zaidi kwenye ozoni, ambayo huvunja molekuli, na kwenye mkaa maalumu unaozinasa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukaamua kwamba watengenezaji wa dawa na vipodozi wabebe angalau asilimia 80 ya gharama za hatua ya ziada ya kuondoa mabaki hayo.

Afrika Mashariki inahusika moja kwa moja, kwa kuwa mabaki ya viuavijasumu na ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI yamekwisha kupimwa katika maji ya Nairobi na Kisumu. Mji utakaonunua utando bila kupanga jinsi ya kuyashughulikia masalio yake utakuwa umeihamisha dawa tu, na kwa hiyo mpango wa masalio, pamoja na swali la nani alipe, hauna budi kutangulia ununuzi wa mtambo.