Derrick: mjerumani aliyewauliza matajiri maswali sebuleni kwao

Mbaitu, na nyinyi wengine mnaonisoma kutoka mbali, leo tuweke vichekesho kando tuongee historia kidogo.

Mwambie kijana yeyote wa rika langu hapa Kyuso maneno "Murder She Wrote" na atakuimbia. Anaijua kama ngoma ya Chaka Demus na Pliers, ile ya 1992 ambayo matatu za barabara ya Mwingi hazijawahi kuichoka. Asichojua ni kwamba kabla ya kuwa ngoma, hilo lilikuwa jina la tamthilia ya Marekani. Mama mmoja wa makamo, mwandishi wa vitabu, anaishi mji mdogo wa kubuniwa unaoitwa Cabot Cove, na kila wiki mtu anauawa na yeye ndiye anafumbua. Vipindi 264, kutoka 1984 hadi 1996. Angela Lansbury aliyeigiza huyo mama alipofariki Oktoba 2022, niliona watu wazima huko mitandaoni wakimlilia kama shangazi yao. Hizo ni hadithi za mauaji za kutuliza moyo. Maiti ipo, lakini damu huioni. Kuna chai, kuna majirani wanaosengenyana, kuna mtu mmoja mwerevu, na kabla hujaenda kulala muuaji amepatikana.

Nilipoona vile wanalia nikamuuliza mwaitu kama wao enzi zao walikuwa na kitu kama hicho. Hakufikiria hata sekunde. "Derrick," akasema. Halafu akaniigizia vile Derrick alikuwa anasimama mlangoni, mikono ndani ya koti, macho yamelegea kama ya mtu ambaye hajalala siku tatu.

Fanya hivi: tafuta Mkenya yeyote wa miaka 45 kwenda juu ambaye nyumbani kwao au kwa jirani kulikuwa na TV, umtajie Derrick. Uso utabadilika.

Kwa ambao hamumjui: Stephan Derrick alikuwa inspekta wa polisi wa Munich, Ujerumani, kwenye tamthilia ya kituo cha ZDF. Ilianza 1974 ikaisha 1998, vipindi 281, na mwigizaji ni huyo huyo mwanzo mpaka mwisho, Horst Tappert. Mwandishi pia huyo huyo, Herbert Reinecker. Msaidizi wake aliitwa Harry Klein, ameigizwa na Fritz Wepper. Wajerumani wana utani maarufu kwamba Derrick kila saa anamwambia Harry alete gari, ilhali waliofuatilia vipindi wanasema sentensi yenyewe haimo hata kwenye kimoja. Iliuzwa nchi zaidi ya 100. Huku kwetu ilikuja ikiongea Kiingereza kilichobandikwa, midomo inaenda Nakuru sauti inaenda Mombasa, na hakuna aliyejali.

Lazima uelewe TV ya wakati huo. Televisheni ilianza Kenya 1962. 1964 serikali ikachukua shirika likawa Sauti ya Kenya, VoK, na 1989 likarudi kuitwa KBC. Mpaka KTN ilipoanza 1990 kulikuwa na kituo kimoja tu nchi nzima. Hakuna kubadilisha. Walichoweka ndicho mlichoona, na mkakipenda kwa nguvu. Umau alikuwa bawabu Industrial Area, akarudi nyumbani na Greatwall ya nchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyolipiwa kwa mshahara na magunia mawili ya ndengu. Stima haikuwepo. Ilikuwa betri ya gari, na betri ikienda kuchajiwa ilikuwa msiba wa siku mbili. Antena juu ya mti mrefu, mtoto mmoja nje anaizungusha, wengine ndani wanapiga kelele: "Hapo! Rudisha! Ilikuwa imeshika!" Mwaitu anasema vipindi vingine vya Derrick aliviona nusu, nusu nyingine ni chenga.

Sasa nije kwa hoja yangu, maana sitaki mfikiri nimeandika haya kwa sababu ya utamu wa zamani tu.

Nimetazama vipindi vingi vya Derrick mwaka huu. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo muda ninao, msinihukumu. Na kitu nilichoona ni hiki: risasi ni chache. Mbio za magari ni chache. Mara nyingi hata muuaji unamshuku mapema, si fumbo kubwa. Kinachotokea ni kwamba Derrick anaingia nyumba kubwa, ya mwenye kampuni, ya daktari, ya familia yenye bustani na ngazi za ndani, anakaa kwenye kochi lao, anauliza swali. Wanamjibu kwa madharau. Anashukuru, anatoka. Kesho yuko hapo tena. Swali lile lile. Tajiri anakasirika, anaanza kutokwa jasho, na hakuna waziri wa kumpigia simu. Baada ya saa moja amekwisha.

Umau na wenzake hawakuwa wanapenda mauaji. Walikuwa wanapenda kuona mkubwa akiulizwa swali na kulazimika kujibu.

Kwa sababu angalia walichokuwa wanaishi nacho. Machi 1975, miezi michache tu baada ya Derrick kuanza huko kwao, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipotea Nairobi, mwili ukapatikana Ngong. Bunge likaunda kamati, ikafanya kazi, ikatoa ripoti. Hakuna mtu aliyewahi kufungwa. Septemba 1988, Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28 aliyekuja kupiga picha za wanyama, aliuawa Maasai Mara. Maafisa wakaanza kusema ni wanyama wamemla. Baba yake, John Ward, alikuwa mwenye mahoteli Uingereza, si polisi. Ndiye aliyekuja kutafuta, na mabaki ya binti yake yalipopatikana akakataa hiyo hadithi ya simba, na ikajulikana kwamba ripoti ya daktari aliyepasua ilikuwa imebadilishwa. Huyo mzee alirudi Kenya mara nyingi mno kwa zaidi ya miaka 30, akitumia pesa zake mwenyewe. Watu watatu walishtakiwa katika kesi mbili, wote wakaachiliwa huru. Alifariki 2023 bila jibu. Jessica Fletcher wa kweli alikuwepo, jamani, na alikuwa hapa kwetu, na hakushinda.

Halafu 1990. Hii ndiyo inayoniumiza zaidi kwa sababu nchi iliifuata kama tamthilia. Dr Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia Februari 13. Mwili ulipatikana kilima cha Got Alila, umechomwa, na risasi kichwani. Mwanzoni zikaanza lugha za kwamba alijiua. Watu wakakataa, wanafunzi wakaingia barabarani. Rais Moi akaita Scotland Yard, akaja mpelelezi John Troon. Hebu fikiria unatazama Derrick wiki hizo! Mzungu mwenye koti kwenye TV, na mzungu mwingine wa kweli anazunguka Kisumu na Koru anauliza watu maswali. Umau alikuwa anasema Troon atamaliza. Ilikuwa imani ya kweli kabisa, na sidhani aliitoa kwa serikali. Aliitoa kwa yule mjerumani.

Troon aliandika ripoti yake 1990. Tume ya uchunguzi ikakaa, ushahidi ukatolewa hadharani, magazeti yakaisha asubuhi. Novemba 1991, wakati Troon anatoa ushahidi wake na mambo yamefika utamu, tume ikavunjwa kabla ya kumaliza. Wakubwa wawili wakakamatwa, wakaachiliwa baada ya wiki mbili kwa kukosa ushahidi. Aliyekuja kushtakiwa mwishowe alikuwa mkuu wa wilaya, na mahakama ikamwachilia 1994. Ni kama mtu amechomoa waya wa betri dakika kumi kabla ya kipindi kuisha.

Kuna mtu ataniambia sisi tulikuwa na Vioja Mahakamani, kwa nini nimsifu mjerumani. Ni kweli, na Vioja naipenda. Ondiek Nyuka Kwota na Tamaa bin Tamaa wanaingia kizimbani, kesi ni ya kuku au ya chang'aa, hakimu anasikiliza, nusu saa hukumu imetoka. Lakini angalia ni nani yuko kizimbani. Ni sisi. Wezi wa kuku. KBC ya serikali ilitupa mahakama ya kuchekea watu wadogo, na wakubwa wenye makosa ikatuletea kutoka Munich. Kutoka mbali ilikuwa salama kuwaonyesha.

Na wengine mtasema Waswahili walikuwa na mpelelezi wao kabla ya wote hao. Hapo nakubali bila kupinga. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtunga Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la 1957/58 la East African Literature Bureau na kuchapishwa 1960. Tajiri mwenye shamba anauawa, watu wanalaumu mzimu, Bwana Msa anasema hapana, tuulize watu. Ningependa kuiona hiyo kwenye runinga kuliko chochote kile. Ukiwa na kamera na marafiki Unguja, nitafute.

Kuna jambo limebaki na siwezi kulificha ili kuwafurahisha wazee. Horst Tappert alifariki 2008. Aprili 2013 ikagundulika kwamba alipokuwa kijana, wakati wa vita, alikuwa katika Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler. Hakuwahi kusema. Miaka 24 aliigiza mtu anayewaambia wengine waseme walichofanya, na yeye alikuwa amekaa na lake. ZDF ikasema haitarudia vipindi tena.

Nilimwambia umau. Sasa anaona kwa shida, na TV ni ile bapa ya ukutani, stima ipo siku ikipenda. Akanyamaza sana. Nilidhani atasema tumsamehe, au atasema wazungu wote ni wale wale. Badala yake akaniuliza ni nani alimgundua. Nikamwambia ni mtu alikuwa anasoma makaratasi ya zamani ya jeshi, jina likatokea, mwandishi wa gazeti akaandika.

"Kwa hivyo huko kwao makaratasi huwekwa," akasema. Kisha akataka kujua ya Ouko yamewekwa wapi.