Sabbagh na Amana ya Rangi: Mtia Rangi katika Fiqhi na Historia ya Uislamu

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mimea na rangi zake mbalimbali. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mwenye kufungua vitabu vya fiqhi hukutana mara kwa mara na fundi aitwaye sabbagh, yaani mtia rangi nguo. Anatajwa katika mlango wa ijara, wa ghasbu na wa hisba. Je, kwa nini maulamaa walimshughulikia fundi huyu kiasi hicho? Jibu ni kwamba rangi ni bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuijua ukweli wake siku anayoinunua. Ukweli wake hudhihiri baada ya jua na maji, na wakati huo fundi ameshalipwa.

Rangi katika zama za Mtume (s.a.w.)

Watu wa Hijazi walizijua vyema rangi za mimea. Zaafarani ilitoa njano, na warsi, mmea wa Yemen, ilitoa njano pia. Usfuri, ua la mmea wenye miba ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, ulitoa nyekundu. Hina na katamu zilitumika kwa nywele. Imepokewa kwamba Abubakar (r.a.) alitia nywele zake hina na katamu.

Sharia nayo ilizitaja rangi hizi kwa majina. Katika Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliyehirimia amekatazwa nguo iliyoguswa na zaafarani au warsi, na sababu inayotajwa na maulamaa wengi ni harufu yake nzuri. Anas (r.a.) amepokea katazo la wanaume kujitia zaafarani, na Muslim amepokea kwa Abdullah bin Amr (r.a.) katazo la nguo za usfuri. Imam Shafii aliruhusu za usfuri. Lakini Baihaqi, aliye katika madh-hebi yake, alisema kwamba lau Hadithi hizo zingemfikia Imam, angezifuata. Tazama adabu ya wanafunzi wa kweli: wanamheshimu Imam wao kwa kuifuata dalili.

Kazi ya sabbagh

Mimea mingi haitoi rangi yake kwa kuchemshwa tu. Nguo hutangulizwa katika maji ya shabu ili nyuzi zishike rangi. Bila ya hivyo nyingi huondoka kwa kufuliwa. Nyekundu imara ilitoka katika mizizi ya mmea uitwao fuwa. Nili ina njia yake: majani huvundikwa, kisha nguo huchovywa katika pipa lililochachishwa. Hutoka ikiwa na rangi ya kijani kibichi, na inapopigwa na hewa hugeuka kuwa buluu. Ni kazi ya siku nyingi, na mwenye nguo hayupo kuangalia.

Hapo ndipo lilipozuka suala la dhamana. Nguo ikipotea au ikiharibika mikononi mwa sabbagh, nani alipe? Imepokewa kwa Ali (r.a.) kwamba aliwalipisha mafundi akiona kwamba watu hawatatengenekewa bila ya hivyo, ingawa wapo walioidhoofisha isnadi yake. Wafuasi wa Imam Malik walishika kuwalipisha mafundi. Abu Hanifa hakumlipisha kwa kilichopotea bila ya kitendo chake, na wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakamlipisha isipokuwa kwa balaa lisiloepukika, kama vile moto mkubwa. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kuwa mkono wa fundi ni mkono wa amana: halipi ila akifanya uzembe au akivuka mipaka.

Wakikhitilafiana, mwenye nguo akasema aliagiza nyekundu na fundi akasema aliambiwa njano, Mahanafi wanalikubali neno la mwenye nguo pamoja na kiapo chake. Na aliyepora nguo akaitia rangi yake isiyoweza kutenganishwa, Mashafii wanatazama thamani. Ikipungua, atalipa upungufu. Isipozidi, hana chake. Ikizidi kwa sababu ya rangi, watashirikiana katika nguo ile. Hata mporaji hakudhulumiwa mali yake.

Jicho la muhtasibu

Muhtasibu alikuwa msimamizi wa masoko kwa niaba ya dola. Katika kitabu cha hisba cha Shaizari, aliyeishi Sham katika karne ya 6 Hijria (karne ya 12 Miladia), watia rangi wana mlango wao. Anaeleza kuwa wengi walitumia hina badala ya fuwa. Nguo ilitoka inang'ara, lakini ikipigwa na jua rangi hubadilika. Muhtasibu aliamrishwa azuie hilo. Tena mafundi walitakiwa waandike kwa wino majina ya wenye nguo, zisibadilishwe. Tuzingatie kwamba hina si najisi wala si haramu. Kosa lilikuwa kuiuza kwa jina la kingine.

Mazingatio kwa zama zetu

Mwaka 1856 Mwingereza William Henry Perkin alitengeneza rangi ya zambarau maabarani. Mwaka 1868 ikapatikana rangi ya fuwa bila ya fuwa, na mwaka 1897 nili ya kiwandani ikaingia sokoni. Mashamba mengi ya mimea ya rangi yakafa. Leo watu wanarejea kwenye rangi za mimea kwa kuhofia uchafuzi wa mito, na neno "asilia" limekuwa na bei. Basi anayeandika "asilia" juu ya nguo ya rangi ya kiwandani anarudia kosa la wale wa Sham.

Na kuna lililo zito zaidi. Hina ya asili hutoa rangi ya chungwa hadi hudhurungi. Ile "hina nyeusi", na piko inayopakwa kwa maharusi wa pwani yetu, mara nyingi huwa na kemikali ya rangi za nywele iitwayo PPD, ambayo huwaunguza baadhi ya watu na kuwaachia makovu. Aliyeiuza kwa jina la hina amekusanya ghishi na madhara, na yote mawili Mtume (s.a.w.) ameyakataza. Maimamu wasiliache jambo hili liwe la wanawake peke yao. Ni mas-ala ya mlango wa biashara, na mahali pake ni juu ya mimbari.

Wallahu aalam.