Kapampu ka Hewa: Vitu Unafaa Kujua Kabla Upeleke Watoi Ocha

Desemba kwetu Port Victoria huwa hesabu moja tu: watu kumi na nne, vitanda vinne. Kina auntie wanatoka Kisumu, macuzo wanatoka Nairobi, mat inawashukisha Bumala wanapanda ingine hadi Port. Ikifika saa mbili usiku, shosho anauliza, "Haya, nani analala wapi?"

Ndio maana siku hizi kila familia iko na msee mmoja anakujanga na kapampu ka hewa, kale kadogo ka betri kanatoshea kwa kiganja. Kanajaza godoro, kidimbwi cha watoi na maboya ya kuchezea, na kengine kanafyonza hewa kwa mifuko ya nguo. Shida ni moja. Wasee wengi hubonyeza swichi tu wakingojea miujiza. Soma hii kwanza, itakuokolea doh, na pengine zaidi ya doh.

Pampu si moja

Kuna aina mbili na watu huzichanganya kila siku.

Ya kwanza ni ya kujaza vitu vikubwa, laini: godoro, kidimbwi, boya. Hii inapeleka hewa mob, lakini bila nguvu nyingi.

Ya pili ni ya tairi. Hii iko na nguvu, lakini hewa inatoka kidogo kidogo.

Piga hesabu. Godoro ya futi 4 kwa 6, unene inchi 8, inabeba karibu lita 450 za hewa. Hiyo ni kama mitungi 22 ya lita 20. Pampu iliyoandikwa lita 200 kwa dakika itamaliza hiyo kazi kwa dakika mbili na kitu. Ya tairi inayotoa lita 30 kwa dakika itachukua dakika 15, na hizo za bei rahisi hazipendi kukimbia hivyo bila kupumzika. Cuzo yangu alijaribu. Godoro haikujaa, na nyumba nzima ilinuka waya iliyoungua.

Jua PSI yako

PSI ni kipimo cha presha. Hizi ndizo namba za kukariri:

- Godoro, kidimbwi na maboya: chini ya 1
- Mpira wa soka: 8.5 hadi 15.6, vile sheria za mchezo zinasema
- Tairi ya gari ndogo: karibu 30 hadi 35, lakini fuata karatasi iliyobandikwa kwa mlango wa dere

Kwa hivyo kapampu ka godoro hakawezi jaza tairi, hata ukakabembeleze. Na ukileta ya tairi kwa boya la mtoi, chunga, mshono unaweza kuachilia.

Kujaza godoro bila drama

1. Fagia sakafu kwanza. Kifuniko kimoja cha soda kinatosha kutoboa. Tandika mkeka ama blanketi chini.
2. Chagua nozeli inayokaa fiti kwa valvu. Ikipumua kando, unapoteza chaji.
3. Jaza hadi ukibonyeza na kidole iingie kidogo. Ikiwa ngumu kama meza, umepitisha.
4. Godoro mpya hunyooka usiku wa kwanza, itakaa imelegea. Ongeza hewa kidogo kabla mlale.

Ukiamka upate imelegea kidogo, usilaumu mtu. Hewa hupungua ujazo ikipoa. Joto likitoka digrii 30 mchana hadi 20 usiku, hewa inapungua kama asilimia 3. Ikiisha kabisa, sasa hapo kuna tundu. Paka maji ya sabuni, penye povu inatoka ndio penyewe. Na usikimbilie solushoni ya fundi wa baiskeli. Hiyo ni ya raba. Godoro nyingi ni plastiki ya PVC, zinataka gundi ya vinyl na kiraka chake.

Kitu ya muhimu: usilaze mtoto mchanga kwa godoro ya hewa, hata dakika tano. Inabonyea, uso unazama, na hana nguvu ya kujigeuza. Huyo alale kwa godoro ngumu ya kawaida.

Kufyonza: upande wasee husahau

Angalia nyuma ya kapampu kako. Kama kuna tundu la pili, hilo hufyonza. Linakunja godoro vizuri ikirudi kwa begi, na kama nozeli inakubali, linafinyanga mifuko ya nguo. Zile blanketi za mitumba za Kibuye zinajaza kabati nzima zinabaki flati kama chapati. Nafasi inapungua, uzito haupungui, kwa hivyo wa boda bado atakuangalia vibaya.

Sheria ni tatu. Nguo iwe imekauka kabisa, juu huku ziwani unyevu ni mwingi na ukifungia nguo mbichi utafungua ukungu. Usiweke chakula, hata omena kavu, hiyo mifuko si ya chakula. Na iweke mbali na watoi, plastiki usoni si mchezo.

Kwa watu wa Budalang'i hii si mambo ya urembo wa kabati. Tunajua Nzoia ikipasua kingo. Tunajua pia 2020, vile Ziwa Victoria lilipanda kupita rekodi zote za nyuma. Mvua za Machi hadi Mei zikikaribia, blanketi na sweta za watoi zilizofinyangwa zinabebeka mara moja, na zinakuwa kavu mkifika juu. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, hati ya shamba, tia kwa plastiki yake peke yake kwanza, halafu ndani ya mfuko, halafu mahali pa juu. Usiamini mfuko mmoja pekee. Ukitobolewa na msumari, maji yanaingia.

Kidimbwi cha watoi

Usijaze na maji ya kutoka ziwani moja kwa moja. Ziwa letu liko na kichocho, na vijidudu vyake huingia kupitia ngozi, si lazima mtoi anywe. Tumia maji ya mfereji, ya kisima ama ya mvua. Kimo kikifika kwa magoti, hiyo ni mingi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwa maji kidogo sana, na hapigi kelele kama kwa movie. Ananyamaza tu. Mtu mzima akae hapo, simu kwa mfuko.

Wakimaliza, mwaga. Maji yakikaa yanazalisha mbu, na huku kwetu malaria haihitaji msaada.

Ziwani: hapa ndio ngori iko

Sasa nikushow kitu iliyonifanya niandike hii. Desemba moja tulijazia cuzo wa miaka saba boya la bata, tukashuka ziwani asubuhi mapema. Maji yalikuwa yametulia kama kioo. Akashuka kwa boya kuokota slipa yake. Tukigeuka, bata ilikuwa imeshaenda, inateleza yenyewe kuelekea ndani. Mvuvi alituletea baadaye na mashua, hakucheka. Alisema tu, "Angekuwa juu yake, je?"

Hiyo haikuwa bahati mbaya. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hivyo usiku hadi asubuhi upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana jua likipasha nchi, upepo hugeuka. Wavuvi wa tanga wamejua hii tangu zamani. Kitu imejaa hewa haina uzito, iko kama tanga yenyewe. Asubuhi yenye inakaa salama ndio inabeba mtoi mbali.

Kwa hivyo:

- Boya ni toi. Haliokoi mtu. Likitoboka ama likipinduka, mtoi ako majini bila kitu.
- Laifu jaketi ni ile ya povu, saizi ya mtoto, imefungwa vizuri. Hiyo haihitaji pampu.
- Boya lolote lifungwe kamba, na mtu mzima ashike hiyo kamba kwa mkono.
- Likienda, liache. Bata haifai maisha ya mtu.
- Mtu akizama, usiruke ndani kama hujafunzwa kuokoa. Mrushie kamba yenye mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko, unaelea na unabeba mtu. Ita wavuvi, piga 999 ama 112.
- Uliza wenyeji kuhusu viboko na mamba kabla mtu aingie. Kule Kisumu hawakuita mahali Hippo Point bure.

Kutunza kapampu

Kafute mchanga na maji kabla ukarudishe kwa begi. Kachajiwe mezani, si juu ya godoro wala chini ya mto, na kakiwa na joto kapumzike kwanza. Ukikaacha miezi, kaache na chaji nusu hivi. Vitu vilivyojaa usiache juani: hewa ikitoka digrii 20 ikafika 50 inataka nafasi zaidi ya asilimia 10, na mshono ndio unalipa hiyo deni.

Desemba hii narudi Port na kapampu kangu, magodoro mawili, na laifu jaketi moja ya mtoto. Hiyo ya mwisho ndio nilinunua kwanza.