Wanivunje Ili Nipone?

Njia ya shambani kwetu Kasanda inapanda na kushuka. Mama ameipita zaidi ya miaka arobaini, jembe begani asubuhi, mzigo kichwani jioni. Kwenye picha za harusi ya mdogo wangu ndipo nilipoona: mguu wake wa kushoto umepinda kwa nje kama upinde. Zamani haukuwa hivyo.

Eksirei ikaeleza. Gegedu la upande wa ndani wa goti limesagika. Daktari akatupa njia mbili: goti bandia, au kuukata muundi chini kidogo ya goti, kuunyoosha na kuushikiza kwa chuma na skrubu. Mama akacheka. "Yaani wanivunje ili nipone?"

Swali lake lina umri mkubwa. Mwaka 1826, kabla ya nusukaputi, John Rhea Barton wa Philadelphia alikata mfupa wa paja wa mgonjwa aliyegandamana nyonga. Miaka ya 1870 kule Glasgow, William Macewen, akifuata kanuni za Lister za kuua vijidudu, alikuwa akinyoosha miguu iliyopinda, na mwaka 1880 akatoa kitabu kuhusu kazi hiyo. Lakini kukata mfupa kwa ajili ya goti lililosagika kulishika kasi baada ya J. P. Jackson wa Uingereza kuandika mwaka 1958, kisha Mark Coventry wa Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1965. Wazo ni la fundi seremala: toa kabari ya mfupa, uzito uhamie upande ambao bado ni mzima.

Hatari zake hazifichwi. Mshipa wa fahamu unaopita ubavuni mwa goti ukiguswa, wayo unalegea na kuburuza. Damu inaweza kuganda mguuni, kidonda kikaoza, mfupa ukachelewa kuunga. Ukinyooshwa pungufu, maumivu yanarudi. Na hata ukifanikiwa, si wa milele: wengi hupata nafuu kwa miaka kumi hivi, kisha baadhi huishia kwenye goti bandia. Ndiyo maana hupewa zaidi wasio wazee sana, wenye kazi nzito. Kama Mama.

Ukisoma historia ya Buha utawakuta wanaume waliokwenda manamba kwenye mkonge. Wanawake waliobaki na jembe ni nadra kuwakuta, sembuse magoti yao.

Siku hizi Tanzania ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Ila kutoka Kasanda hadi Dar es Salaam ni kuvuka nchi nzima, na kurudi na magongo kwenye vilima vile ni safari nyingine.

Mama hakuuliza habari za Barton wala Coventry. Aliuliza, "Miezi hiyo mitatu, nani atalima?"

Ndugu tuko watano. Jumapili iliyopita tulikaa kikao cha simu. Hadi sasa waliojitolea ni wawili.