Ngoma Katika Njia ya Msalaba

Mwaka jana, katika usharika mmoja hapa Kirumba, baraza la wazee lilikaa kuzungumzia vyombo vya kwaya. Kinanda kipya kilipitishwa bila ubishi. Ngoma ndizo zilizoleta maneno. Baadhi yetu walisema ngoma ni za waganga, ziondolewe kanisani. Mama mmoja aliyezipiga kwa zaidi ya miaka ishirini alisikiliza mpaka mwisho, akachukua ngoma yake, akaenda nayo nyumbani. Sisi wachungaji tuliokuwapo tulikaa kimya.

Kwa sababu ya ukimya ule tumeona vema kuwasimulia wapendwa habari za jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, Justinian Tamusuza wa Uganda, mtunzi wa muziki ule ambao wengi wetu huuita wa Kizungu.

Kwanza tukumbuke kwamba Injili ilifika Buganda kwa kupitia upande wetu wa ziwa. Wamisionari wa Kianglikana waliofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na Mapadre Weupe waliowafuata mwaka 1879, walivuka wakitokea huku kusini, ambako Kageye ilikuwa bandari ya misafara. Mambo yalipokuwa magumu, mwaka 1882, mapadre walirudi huku, wakakaa Bukumbi, karibu na Mwanza, hadi walipopata nafasi ya kwenda tena mwaka 1885. Muda mfupi baadaye vijana wa Buganda waliuawa kwa ajili ya Kristo.

Pamoja na Injili zilivuka nyimbo za Ulaya. Ngoma iliruhusiwa kuwaita watu ibadani, lakini wamisionari wengi hawakutaka isikike ndani ya wimbo. Hasara haikuwa ya ladha tu. Katika Kiganda, kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Ukilibeba neno la Kiganda kwa sauti ya tenzi za Ulaya, waweza kuimba jambo usilolikusudia, au lisiloeleweka kabisa.

Aliyelitambua hilo mapema ni Joseph Kyagambiddwa, Mkatoliki, ambaye mwaka 1955 alitoa kitabu juu ya muziki wa watu wa chanzo cha Nile, yaani watu wa ziwa hili hili. Alitunga nyimbo za kanisa zinazofuata sauti za lugha yake, na mwaka 1964, mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu, utenzi wake mkubwa juu yao uliimbwa Roma. Sisi Walutheri hatuwaombi watakatifu, lakini tunamshukuru Mungu kwa ushuhuda wao.

Tamusuza alizaliwa mwaka 1951. Alipokuwa kijana, Mei 1966, majeshi ya serikali yalivamia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Kabaka akakimbilia uhamishoni, na wapigaji wa ikulu, waliorithishana ufundi wao tangu mababu, wakatawanyika. Muziki aliokua nao ukakosa makao.

Yeye aliubeba kichwani. Alisoma Uganda, kisha Belfast, ambako alifundishwa na Kevin Volans, mzaliwa wa Afrika Kusini, kisha akachukua udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Mwaka 1988 alitunga kazi ya fidla mbili, viola na selo, akaiita kwa Kiganda *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*. Neno la mwisho halihitaji mkalimani kwetu: ni msalaba. Jina lote maana yake ni katika njia ya msalaba.

Anayesikiliza kazi hiyo husikia vyombo vya Ulaya vikizungumza kama vyombo vya Buganda. Katika amadinda, marimba ya Waganda, mpigaji mmoja huweka sauti zake katika nafasi anazoziacha mwenzake. Hakuna aliye na wimbo mzima mkononi. Wimbo huzaliwa kati yao. Tamusuza aliwapa wapigaji wanne kazi ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1992 kundi la Marekani liitwalo Kronos Quartet liliweka sehemu ya kwanza katika albamu ya watunzi wa Afrika, *Pieces of Africa*, ikashika nafasi ya kwanza Marekani katika orodha za muziki wa klasiki na za muziki wa dunia. Mtunzi mwenyewe alirudi Makerere kufundisha.

Hatukosi mfano wa kwetu. Miaka ya 1960 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa Makumira, aliandika wimbo wa Pasaka *Mfurahini, Haleluya* kwa sauti ya Kihaya. Leo Walutheri wa Ujerumani wanauimba kutoka katika kitabu chao cha nyimbo. Wao wameupokea wimbo wa ziwa letu, nasi tunabishana kama ngoma inafaa.

Hata hivyo tusiwadharau wazee wetu. Hofu yao ina chanzo. Usukumani wote tunajua mashindano ya Bagika na Bagalu, na dawa zinazotumika kuvuta watazamaji. Aliyeokolewa kutoka huko ana haki ya kushtuka anaposikia mdundo ule. Lakini dawa si ngoma, na Zaburi ya 150 inapotaja vyombo vya kumsifu Mungu haikusahau kile kinachopigwa kwa mkono. Tamusuza hakuchagua kati ya urithi wa baba zake na msalaba. Aliuweka urithi ule katika njia ya msalaba, uende huko unakokwenda msalaba. Hilo ndilo tulilopaswa kusema katika kikao kile, na hatukulisema.

Tulikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa chai. Ngoma ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitenge. Alisema, "Nimewasamehe, baba wachungaji. Lakini mimi sikufukuzwa na nyinyi peke yenu." Alisema kweli. Anayeweza kumrudisha ni usharika mzima. Kila mmoja wetu ana nafasi aliyoiacha wazi, na wimbo hautakamilika mpaka mwenzetu aketi hapo apige.