Mwanza, Warithi Wake na Wajina Wake

Meli ya kutoka Nansio ilikuwa imebakiza kama nusu saa kufunga gati pale mama aliyekaa mbele yangu, ndoo ya machungwa katikati ya miguu yake, alipopokea simu. "Bado sijafika Mwanza, mwanangu. Tuko majini." Ukerewe ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo mama yule aliamkia Mwanza, akapandia meli Mwanza, na sasa alikuwa anaelekea Mwanza. Wala hakukosea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwahesabu wote wanaoitikia jina hilo. Kuna mkoa, kuna jiji. Kuna Ghuba ya Mwanza, ule mkono wa maji ulionyooka kuelekea kusini. Kuna MV Mwanza, kivuko kilichokuwa kikivusha watu na magari kati ya Kigongo na Busisi kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025. Kuna dagaa wa Mwanza. Kuna mjusi. Na kule Malawi kuna Mwanza nyingine yenye mji, wilaya na mto wake. Tuwaiteje hawa?

Darasani tumefundishwa kusema homonimu. Mfano wake ni paa: paa la nyumba, paa wa porini, na paa ya ndege anapoinuka. Hayo hayajuani, yamekutana njiani tu. Lakini Mwanza mkoa na Mwanza jiji yanajuana vizuri sana, moja limemzaa mwenzake. Kuyatia yote kapu moja na paa ni kuukana uzazi wao.

Nyumbani tunalo neno wajina. Ukikutana na mtu mwenye jina kama lako, huyo ni wajina wako, na hapo hapo mnakuwa na mzaha, salamu na kaupendeleo fulani. Pwani husema pia somo, neno tamu, lakini lina kazi nyingi: somo ni rafiki, tena ni yule mwanamke amfundaye mwari. Na ukitaka wingi wake kwa ajili ya miji, utaambulia masomo, nawe utajikuta umerudi shuleni. Wajina halina matata hayo. Wajina mmoja, wajina kumi.

Mwanza ya Malawi, kwenye barabara iendayo mpakani na Msumbiji, ni wajina wa Mwanza yetu. Haikuzaliwa nayo wala haikurithi kwake. Hali kadhalika watu wengi wa Zambia na Malawi wenye jina hilo la ukoo, akiwemo Jacob Mwanza aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu ya Zambia. Akishuka mmoja wao kwa basi pale stendi ya Nyegezi jijini kwetu, tunamsalimu kwa neno hilo hilo, maana linamtosha mtu na linautosha mji.

Mkoa, ghuba na kivuko siwaiti wajina. Hao ni warithi. Mjukuu akipewa jina la babu tunasema amerithi jina, na hatumaanishi kwamba wawili hao wamefanana kwa bahati. Mji ulioanzishwa kama boma la Wajerumani mwaka 1892, nao wakiuandika Muanza, ndio uliogawa jina.

Urithi huu una mambo yake. Mrithi mmoja, mkoa, amekuwa mkubwa kuliko mrithiwa, kisha mwaka 2012 akamegwa, Geita ikaenda kuwa mkoa unaojitegemea. Mwaka huo huo Ilemela ikatengwa na jiji, ikapata halmashauri yake ya manispaa. Matokeo yake, Halmashauri ya Jiji la Mwanza ni Wilaya ya Nyamagana peke yake. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela. Mwalo wa Kirumba, ambako nusu ya Tanzania hununua samaki wakidhani wamenunua Mwanza mjini, uko Ilemela. Katika karatasi za ofisini Mwanza ni finyu. Mdomoni mwa watu ni pana.

Kiswahili kilikwisha kutupa dawa: -ni. Jijini Mwanza, mkoani Mwanza, ghubani Mwanza. Herufi mbili tu na utata wote umeisha. Ndiyo maana huniuma nikisoma habari ya Sengerema iliyoandikwa "mjini Mwanza." Mwandishi ameshika ufunguo mkononi akaamua kuvunja mlango.

Sasa kuna kundi la tatu, na hili ndilo linalonikosesha usingizi kwa furaha. Msukuma, mwenyeji wa Mwanza, haanzi na mw-. Mwana kwake ni ng'wana, mwaka ni ng'waka, na Mwanza ni Ng'wanza. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba jina hili lina asili moja na nyanza, yaani ziwa. Mimi nayakubali, maana sauti zake zinajibizana: shina lile lile, kiambishi tofauti. Wanaolivuta kwenye mwanzo na kuanza wanasikiliza kwa sikio la Kiswahili neno ambalo halikutoka kwetu.

Ikiwa ni hivyo, Mwanza ina ndugu wa damu waliotawanyika. Nyanza ya Rwanda, mji wa wafalme wa zamani. Nyanza ya Kenya, mkoa wenye makao Kisumu, uliopisha kaunti mwaka 2013. Nyanja ya kusini, iliyoipa lugha ya Chinyanja jina lake. Nyasa, tunayopakana nayo Mbamba Bay. Angalia z, j na s zinavyopeana nafasi kadiri unavyosafiri: neno moja limevaa nguo za kila kijiji. Hao nawaita ndugu, wala sitafuti istilahi ngumu zaidi.

Ndugu mmoja yuko Burundi, kando ya Tanganyika: Nyanza-Lac. Kifaransa kimeongeza lac, yaani ziwa, juu ya neno ambalo tayari ni ziwa. Nasi tusicheke, kwa maana tunaposema Ziwa Nyasa tunasema ziwa ziwa. Msafiri Mwingereza Speke alipoyaona maji ya Mwanza Agosti 1858 aliambiwa ni nyanza, akaibandikia jina la malkia wake. Victoria huyo ana wajina hadi Shelisheli na kwenye maporomoko ya Mto Zambezi, lakini jina lenyewe halisemi chochote kuhusu maji.

Pendekezo langu ni hili: nyanza tuiandike kwa herufi ndogo, nomino ya kawaida, kwa maji makubwa ya aina hii. Mawimbi ya nyanza. Upepo wa nyanza. Ziwa tuliachie yale madogo, maana ziwa lina mzigo: wingi wake ni maziwa, na mtoto anayesikia Maziwa Makuu kwa mara ya kwanza hufikiria kikombe.

Wala Mwanza si mji wa pwani, ingawa nasikia watu wakisema "pwani ya ziwa." Pwani imetokana na kupwa, na maji ya nyanza hayapwi wala hayajai mara mbili kwa siku. Mwambao unafaa, kwa sababu umetoka kwenye kuambaa, na mitumbwi ya huku inaambaa kweli kweli. Mahali inapotua tunalo neno ambalo pwani wangefaa kutuazima: mwalo.

Mjusi nilimtaja. Ni yule mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu anayeota jua juu ya majabali ya jiji. Mwanasayansi Loveridge alimpa jina la kisayansi mwaka 1923, Agama mwanzae, yaani wa Mwanza. Yupo hadi Serengeti na Maasai Mara. Mrithi aliyevuka mpaka bila kubadili jina.

Wa mwisho ni dagaa. Nenda soko lolote la Dar es Salaam, utakuta mafungu mawili. Wa Kigoma wako kwenye beseni safi, bei juu. Wa Mwanza wamerundikwa kwenye gunia, wadogo, wenye rangi ya fedha iliyofifia, na mama muuzaji anapochota kisado anakipepeta kwanza kwa kiganja ili mchanga wa kuanikia udondoke. Nilimuuliza mmoja kama hao ni wa Mwanza kweli. "Wa Musoma hao, kaka," akanijibu huku akifunga mfuko. "Lakini wote ni wa Mwanza."

Musoma iko mkoa mwingine. Ziwa ni lile lile. Kwake yeye Mwanza si jiji wala mkoa, ni maji yote yanayotoa dagaa, kutoka Bukoba hadi Musoma. Hajawahi kusikia kwamba Ng'wanza na nyanza ni ndugu, na amelitumia jina kwa maana yake ya kwanza kabisa.