Kukagua Usalama wa Kompyuta za Kampuni: Mfano wa Kimilili

Ukitaja usalama wa mifumo ya habari, wengi wetu humfikiria kijana aliyejifungia chumbani katika nchi ya mbali, akivunja kompyuta za benki. Wadukuzi wa aina hiyo wapo. Julai 2023 mtandao wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa, watu wakakwama na maombi yao ya pasipoti na leseni, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajigamba kuwa ndilo lililofanya. Aprili mwaka huohuo maduka ya Naivas yalitangaza kwamba nayo yalikuwa yamevamiwa. Lakini katika kazi yangu ya kukagua mifumo ya kampuni ndogondogo, huku Pwani na bara, madhara mengi niliyoyakuta yameingilia mlango wa mbele, kwa mikono ya watu waliopewa funguo.

Nitaeleza ukaguzi wenyewe kwa mfano wa kampuni moja iliyoko Kimilili. Jina lake nitalihifadhi. Kimilili ni mji wa kaunti ya Bungoma, kwenye miteremko ya mlima Elgon, si mbali na barabara kuu ya Webuye kwenda Kitale. Ni nchi ya mahindi na kahawa. Kampuni hiyo hukopesha wakulima mbegu na mbolea, kisha hununua mavuno yao na kukata deni humohumo. Badala ya mahindi weka samaki, na badala ya mbolea weka nyavu na injini ya mashua, utaona ni biashara tunayoijua vizuri kuanzia Vanga hadi Kipini.

Swali la kwanza la mkaguzi halihusu mashine. Ni hili: mna habari gani, za nani, na mnazitakia nini? Meneja alinijibu kwamba wana majina na namba za simu tu. Tulipofungua programu yao tukakuta jina, namba ya kitambulisho, picha ya kitambulisho pande zote mbili, ukubwa wa shamba, jina la mke au mume, majina ya watoto, na deni la kila msimu. Nikauliza majina ya watoto ni ya nini. Hakuna aliyejua. Fomu ilikuwa na nafasi hiyo, wakaijaza.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyotungwa kutokana na haki ya faragha iliyomo katika kifungu cha 31 cha Katiba, inataka kampuni ichukue habari zile tu inazozihitaji kwa kazi iliyotajwa. Tena kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui. Kwa sheria ya Kenya, mali ya mtu, hali yake ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake vimewekwa katika fungu la habari nyeti, pamoja na afya, imani na alama za vidole. Ekari za mkulima na jina la mkewe ni habari nyeti. Kampuni ya Kimilili ilikuwa imejaza kabati la amana za watu huku ikidhani imeweka daftari la simu.

Swali la pili ni nani anaweza kufungua nini. Hili ndilo lililonikalisha Kimilili siku nyingi kuliko nilivyopanga.

Kulikuwa na mama mmoja, mkulima, wenyewe wakimwita Mayi kwa heshima kama wanavyowaita wanawake wa umri wake. Kompyuta ilisema amechukua mifuko 6 ya mbolea. Yeye alisema 4, wala hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi na kurudia 4 kila alipoulizwa. Mifuko miwili ya mbolea kwa mwenye shamba dogo ni karo ya mtoto. Nilitazama kumbukumbu za programu, ile sehemu inayoandika nani alibadilisha nini na saa ngapi. Nikakuta kweli deni lake lilikuwa 4, kisha siku moja saa za alasiri likabadilishwa kuwa 6. Aliyebadilisha anaitwa "karani".

Makarani walikuwa watatu. Wote walitumia jina hilohilo na neno la siri moja, lililoandikwa kwa kalamu ubavuni mwa kompyuta. Wa nne, aliyeacha kazi kabla ya mavuno, alikuwa bado analijua, na programu ilifunguka hata kwa simu ukiwa nyumbani kwako. Na mmoja wa wale watatu alikuwa tayari amefukuzwa kazi kwa tuhuma za jambo hilo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgeni zaidi ofisini.

Niliulizwa kama ni yeye. Sikuweza kusema ndiye, wala sikuweza kusema siye. Rekodi haikuwa na uwezo wa kumtia hatiani wala wa kumsafisha. Kampuni ilimfutia mama ile mifuko miwili kwa kuwa haikuwa na ushahidi wa kumdai, na hilo lilikuwa sawa. Yule kijana hakurudishwa.

Husemwa kwamba neno la siri la kila mtu peke yake ni kwa ajili ya kumkamata mwizi. Mimi naona faida yake kubwa ni kwa karani mwaminifu. Siku hesabu zikivurugika, ndicho kitu pekee kitakachomtolea ushahidi. Kwa hiyo ukiajiriwa mahali, ndugu msomaji, ukaambiwa mtumie jina moja wote kwa sababu ni rahisi, kataa kwa adabu, na uombe jina lako kwa maandishi.

Na yule aliyeacha kazi? Siku ya mwisho ya kazi ndiyo siku ya kumfungia, kabla hajapeana mkono wa kwaheri. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018 inasema anayeingia katika mfumo bila idhini anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Lakini mashtaka hayo yatakuwa magumu ikiwa kampuni haikumwondolea ruhusa na haiwezi kuonyesha ni nani aliyeingia.

Nakala za akiba nitazipitia haraka. Walikuwa nazo, kwenye flashi, na flashi ilikuwa katika droo ya meza ileile yenye kompyuta. Moto mmoja, au mwizi mmoja, angechukua vyote viwili. Nakala ikae jengo jingine, na mara kwa mara ijaribiwe kama inafunguka. Umeme wa Kimilili hukatika kama wa kwetu, na kompyuta inayozimika katikati ya kuandika huharibu faili.

Sasa nije kwenye maadili, ambayo ripoti nyingi za ukaguzi huyawekea ukurasa mmoja wa mwisho. Mfumo unaweza kuwa na kufuli za kila aina na bado ukatumiwa kudhulumu. Meneja wa Kimilili alikuwa na kawaida ya kupiga picha orodha ya wadeni na kuituma katika kundi la WhatsApp la wakulima, "wakumbushane". Hakuna aliyedukua chochote hapo. Mwenye funguo ameufungua mlango na kuanika nguo za watu barabarani.

Alinieleza kwamba kijijini kila mtu anajua deni la mwenzake. Labda. Lakini jirani kujua ni jambo moja, na kampuni uliyoiamini kutangaza ni jambo jingine. Tulishayaona haya kwa wakopeshaji wa simu, waliokuwa wakimpigia shangazi yako na bosi wako kwa sababu umechelewa kulipa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikawakataza kuwaaibisha wadeni namna hiyo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu kutuma ujumbe wa vitisho. Siku hizohizo mkahawa wa Casa Vera wa Nairobi ulitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule ya Roma, iliyoko Uthiru, ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wenye hoteli, mikahawa na madrasa za huku wanaopenda kupiga picha kila hafla wazitazame namba hizo mara mbili.

Jambo jingine la maadili lilitokea nikiwa hapohapo. Muuzaji wa mbegu alikuja kuomba namba za simu za wakulima wote, akiwa tayari kulipa. Msaidizi wa meneja aliona ni pesa za bure. Nikaomba fomu walizotia sahihi wakulima. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne, na wengi walikuwa wameweka dole gumba. Je, hiyo ni ridhaa? Kwa sheria, mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu alikubali uko juu ya kampuni. Mei 2025 Mahakama Kuu iliwaamuru Worldcoin wafute alama za macho walizochukua kwa Wakenya mwaka 2023, kwa kuwa hapakuwa na tathmini ya athari wala ridhaa ya halali. Watu walikuwa wamepanga foleni kwa ajili ya malipo waliyoahidiwa. Mkulima anayeweka dole gumba ili asikose mbolea ya msimu hana tofauti kubwa na yule wa foleni. Orodha haikuuzwa, na sifa hiyo nampa meneja, ambaye baada ya kusoma fomu yake mwenyewe kwa sauti mbele yangu alinyamaza kidogo kisha akasema hapana.

Hiyo tathmini ya athari niliyoitaja ni kukaa chini kabla ya kukusanya chochote na kujiuliza: habari hizi zikivuja, nani ataumia na kwa kiasi gani? Hata serikali haikusamehewa. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uzinduzi wa kadi za Huduma kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa. Kampuni yenye wafanyakazi kumi inaweza kuifanya kwa alasiri moja na karatasi mbili, ikiwa iko tayari kuambiana ukweli.

Halafu kuna fundi aliyewauzia programu. Yuko Nairobi, na data zote ziko kwake. Hapakuwa na mkataba, ila risiti ya malipo. Sheria inadai mkataba wa maandishi baina ya kampuni na yeyote anayeishikia data, na inampa huyo saa 48 kuiarifu kampuni pindi akijua kuna uvujaji. Kampuni nayo ina saa 72 kumwarifu Kamishna. Nilimuuliza meneja: fundi huyu mkikosana kesho, orodha ya wakulima wenu mtaipataje? Alicheka, kisha akampigia simu palepale.

Wapo wanaoamini kwamba haya yote ni ya makampuni makubwa. Kuandikishwa kwa Kamishna, ni kweli, hakuwalazimu wenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi. Lakini kazi kadhaa hazina msamaha huo hata zikiwa ndogo, zikiwemo shule, zahanati, huduma za fedha, na biashara za hoteli na malazi. Nyumba ya wageni ya vyumba vitatu Lamu inayonakili pasipoti za watalii imo. Na kutojiandikisha hakumwondolei mtu wajibu wa kutunza anachokishika. Faini ya Kamishna yaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ipi iliyo ndogo.

Nilipoondoka Kimilili kila karani alikuwa na jina lake na neno lake la siri, majina ya watoto yalikuwa yamefutwa, na nakala ya akiba ililala katika sanduku la chuma la duka jingine. Orodha ya wadeni katika WhatsApp ilikuwa bado inabishaniwa.

Kwa aliye upande wa pili, yaani mteja, mkulima, mvuvi au mgonjwa, kuna njia. Unaweza kuiandikia kampuni yoyote ikuonyeshe ilicho nacho kuhusu wewe. Kanuni za mwaka 2021 zinaipa siku 7 kukujibu, bila malipo. Ukikuta kosa, kama mifuko 6 mahali pa 4, omba lirekebishwe, na hapo ina siku 14. Ikikupuuza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Si lazima ujue kuandika wala kuwa na wakili: sheria inaruhusu kulalamika kwa mdomo, na ofisi ndiyo inayopaswa kuyaweka malalamiko hayo katika maandishi. Uchunguzi unatakiwa umalizike ndani ya siku 90.